Gari Lililogoma kwa Volti Tano

Sevisi, muda mafundi wanaopewa kulitengeneza gari katikati ya rali, ilikuwa ya dakika 20, chini ya milima ya Monduli, na dakika saba zilikuwa zimeshakwenda. Injini ya Mitsubishi Lancer Evo X yetu inaunguruma vizuri, haina moshi, haigongi. Ila ukikanyaga mafuta haisikii. Imegandia mizunguko 1,500 kwa dakika, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, mguu wa dereva umefika sakafuni. Petroli ipo, plagi ni mpya, mabomba ya turbo hayajachomoka. Fundi mkuu, mtu anayeshusha giaboksi ya Subaru gizani huku anapiga stori, kasimama na spana mkononi hajui aipeleke wapi.

"Gari inawaka, kaka, lakini imekataa amri." Dereva hakupata taarifa nyingine zaidi ya hiyo.

Muda ukaisha. Gari likarudi Arusha juu ya trela, na kosa likaonekana kesho yake gereji: waya wa sensa ya presha ya petroli, ule ulio kati ya sensa na soketi yake, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, ulikuwa umesuguana na kipande cha bati mpaka shaba ikagusa bodi. Sensa hiyo haihusiki hata kidogo na mguu wa mafuta. Lakini sensa nyingi za gari la mbio huchota umeme wa volti 5 kwenye kisima kimoja ndani ya kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini: presha ya petroli, presha ya oili, presha ya hewa, na sensa ya pedeli. Waya wa mmoja ukigusa bodi, kisima kinakauka kwa wote. Kontrol boksi isipoiona pedeli, inafunga throto, mlango wa hewa wa injini, kwa usalama wa dereva. Imefanya kazi yake sawasawa kabisa, na gari limepoteza mbio. Kwenye Evo IX, toleo lililotangulia, ambayo pedeli imeunganishwa na throto kwa kebo ya chuma, injini ingechechemea na kutapika, lakini mguu ungeendelea kufungua hewa na gari lingejikokota hadi mwisho wa steji, kipande cha njia kinachopimwa muda.

Tangu hapo lile swali la vijiwe vya mafundi wa Unga Limited, Arusha, kama teknolojia ikizidi kwenye magari ya mbio inaua mchezo, tumelijibu kwa namna moja. Hatuna ugomvi na utata. Ugomvi wetu ni na kitu kisichofunguka pale gari lilipo, na watu waliopo, kwa muda uliopo. Yafuatayo ni ya msimu mmoja wa kuandaa Mitsubishi Lancer Evo X kutoka gari la barabarani hadi gari la rali, pamoja na makosa ambayo anayefuata hana haja ya kuyarudia.

Kosa la kwanza lilifanyika kabla hata spana haijashikwa. Evo X ilichaguliwa kwa sababu ni mpya kuliko IX, na bei yake iliposhuka ikaonekana kama zawadi. Aliyeuza hakudanganya chochote. Ni sisi hatukuuliza. Difu ya kati na difu ya nyuma ya gari hili, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, zinaendeshwa kwa haidroliki, na pampu yake imekaa nje, upande wa chini huku nyuma, mahali tairi linaporushia kila kitu. Kwenye lami ya Japani hapo ni mahali pa kawaida. Kwenye njia ya Oldonyo Sambu, pampu hiyo inakula tope, mawe na vumbi kila kilomita. Ikifa, taa inawaka na dereva anaanza kulalamika kwamba gari linateleza pua mbele kisha linageuka ghafla.

Dawa ya mtaani ni kuchomoa pampu na kusahau. Usifanye hivyo. Difu ya kati ya Evo X, bila presha ya haidroliki, inabaki wazi kabisa. Nguvu inakimbilia tairi lililo hewani au kwenye changarawe, na gari la magurudumu manne linageuka kuwa la gurudumu moja. Ukiamua kuondoa umeme, ondoa kwa ukamilifu: difu ya nyuma ya sahani kama walizofungiwa Evo za toleo la RS, na difu ya kati ya kimakanika. Ni ghali, ndiyo. Lakini difu ya sahani ikichoka inasema mapema. Unaizungusha kwa torki renchi siku gari liko juu ya stendi, unaandika namba kwenye daftari, na namba hiyo ikiendelea kushuka kutoka mbio moja hadi nyingine unajua sahani zinakwisha. Pampu ya haidroliki haina adabu hiyo. Inafanya kazi asubuhi, mchana imekufa.

Nyaya ndizo zilizokula pesa nyingi na usingizi mwingi. Kontrol boksi mpya ya mbio ilikuja na kifurushi cha nyaya kilichokatwa upande mmoja, na fundi umeme wa magari ya kawaida akapewa kazi kwa sababu alikuwepo na bei yake ilivutia. Alifanya usafi wa kupendeza: kila kiungo kimelehemiwa, kimevikwa mpira, kimefungwa tepu. Lehemu hiyo ndiyo iliyotutesa. Risasi inapanda ndani ya nyuzi za waya na kuufanya mgumu kama msumari, na pale inapoishia ndipo mtikisiko unapoukatia. Kwa redio ya daladala lehemu inatosha. Gari linalopigwa na mawe saa nzima linataka kiungo cha kubana kwa koleo lake maalumu, saizi inayolingana na waya, halafu mpira wenye gundi ndani. Jaribu kila kiungo kwa kukivuta kwa mkono. Kikichomoka, kingechomoka stejini.

Waya ushikwe kila sentimita 15 hadi 20, na popote unapopita karibu na kona ya bati uvishwe mfuko wa pili. Hakuna waya unaopita sehemu mbili zinazocheza bila kuachiwa kitanzi kidogo cha kupumulia. Na kama kontrol boksi yako ina matoleo mawili ya volti 5, pedeli na throto zipewe lao peke yao. Sensa za kutazama tu ziende kwenye lile jingine. Sisi tuliambiwa hilo baada ya Monduli. Lilikuwa limeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo tangu siku ya kwanza.

Erthi nayo ipimwe, isitazamwe tu. Multimita kwenye volti za DC, mguu mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye bloku ya injini, mtu apige stata. Ikisoma chini ya 0.2 lala usingizi. Ikizidi 0.5 kuna nati yenye rangi chini yake au waya uliooza, na makosa ya ajabu ajabu utakayoyaona baadaye, sensa zinazosoma joto la Antaktika na kadhalika, yataanzia hapo.

Kwenye mapu ya injini, yaani maagizo ya petroli, moto na turbo yaliyo ndani ya kontrol boksi, tuliona uzuri na ubaya wa teknolojia kwa pamoja. Arusha mjini iko takribani mita 1,400 juu ya bahari, na presha ya hewa ni kama kilopaskali 86 badala ya 101 za Dar es Salaam. Watu wengi wanadhani turbo inafuta tofauti hiyo. Inaifuta kwa gharama. Chukua gari lililopangwa pwani kusukuma bar 1.5 juu ya hewa ya nje, yaani bar 2.5 kwa jumla. Pwani turbo inazidisha hewa kama mara 2.5. Ukiiambia ifikishe jumla ileile ya 2.5 ikiwa Arusha, inabidi izidishe mara 2.9. Inazunguka kasi kuliko ilivyoundwa, hewa inatoka ya moto, na injini inaanza kugonga. Njia ya kistaarabu ni kushusha lengo hadi karibu bar 1.25 juu ya hewa ya nje, turbo ibaki kwenye kazi yake ileile, na kukubali kwamba nguvu imepungua.

Na ukiwa na restrikta, ile pete ya kanuni inayobana njia ya hewa ya turbo, kama ile ya milimita 32 ya magari ya Group N, daraja la magari ya rali yaliyo karibu na ya barabarani, hakuna cha kubishana. Hewa ikifikia mwendo wa sauti kwenye ule mlango mwembamba haiongezeki tena, na kiasi kinachopita kinategemea presha ya nje. Ukipanda kutoka Moshi, iliyo chini ya mita 1,000, hadi mashamba ya West Kilimanjaro, nguvu ya juu inapungua na hakuna fundi wa kuirudisha. Dereva anayelalamika "gari limechoka" huko juu aambiwe ukweli.

Kontrol boksi nzuri hupima presha ya nje yenyewe na kurekebisha petroli bila mtu kugusa. Hilo ni la kushukuru. Siku za kabureta ulikuwa unabadili jeti kwa mkono. Ila gari la Japani limezaliwa likinywa petroli ya oktani 98 hadi 100, na huwezi kuidai hiyo kwenye kila kituo cha barabara ya Namanga. Anza kwa kuchelewesha moto wa plagi kwa digrii 2 hadi 4 kwenye mzigo mkubwa, kisha sikiliza bloku kwa hedfoni kabla ya kurudisha chochote. Beringi za konrodi hazisameheki.

Sasa aibu yenyewe. Mapu ilipangwa na mtaalamu aliyeletwa kwa siku mbili, akalipwa yote, akaondoka. Miezi miwili baadaye sindano za petroli zilibadilishwa, laptopu ikachomekwa, na kontrol boksi ikadai nywila. Yeye alikuwa nchi nyingine na simu yake inaita tu. Gari zima, lililolipiwa hadi senti ya mwisho, lilikuwa na chumba kimoja ambacho mwenye gari haruhusiwi kuingia. Malipo ya mwisho yasitoke mpaka faili la mapu liko kwenye flashi yako, nywila iko kwenye karatasi, na umeifungua mwenyewe mbele yake kwa laptopu yako. Hakikisha pia programu ya laptopu ni toleo linalokubaliana na kontrol boksi. Kusasisha programu porini kwa bando la simu ni kujitafutia presha.

Vumbi halihitaji maneno mengi, kila mtu wa huku analijua. Lile laini kama unga wa sembe hupita kwenye ea klina ya kawaida. Sponji yenye oili inalizuia, ila usiimwagie: oili ikizidi inavutwa na kupaka kile kiwaya cha moto cha sensa ya kupima hewa, gari linaanza kukohoa na utabadilisha plagi bure. Tulipohamia kwenye sensa ya presha badala ya ile ya waya, kesi hiyo ikaisha. Baada ya kila mbio ondoa bomba na upitishe kidole kwenye ncha za mapanga ya turbo. Zikianza kuwa butu na kukwaruza, vumbi linapita mahali.

Kuna kitu kimoja cha kielektroniki ambacho hatungekirudisha hata kwa bure: ulinzi wa oili. Kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja wa karteri, bakuli la oili chini ya injini, pampu inavuta hewa kwa nusu sekunde, na geji ya mshale haiwahi kuonyesha. Dereva anatazama njia, hatazami geji. Kontrol boksi inaona. Kanuni ya zamani ni kama bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000. Kwa hiyo kwenye 6,000 tarajia bar 4 na kidogo. Tuliweka kwamba ikishuka chini ya 2.5 wakati injini iko juu ya 4,000, moto ukatwe. Ilikata mara moja msimu ule, dereva akatukana, na rekodi ya data ikaonyesha presha ilikuwa imeanguka hadi bar 1.1 wakati oili kwenye karteri ilikuwa pungufu lita nzima. Injini ilipofunguliwa beringi zilikuwa safi. Anayesema elektroniki zote zitupwe hajawahi kununua krankshafti.

Shokapu ni kinyume chake. Zile za njia tatu, yaani zinazorekebishwa kwa namna tatu, zenye chupa pembeni ndizo kila mtu anazitamani, na kwa mtazamo wetu ndizo pesa iliyotoa faida ndogo kuliko zote. Vifundo vyake vya kurekebisha vinahesabiwa mibofyo kutoka kwenye kufunga kabisa, na dereva wetu alibadilisha viwili kwa pamoja, kisha akasahau alianzia wapi. Badilisha kimoja, mibofyo miwili au mitatu, andika, endesha njia ileile. Asiye na siku nzima ya majaribio anunue shokapu ya njia moja iliyo imara na pesa inayobaki inunue matairi.

Haya ya porini kwetu yanafanana kwa kushangaza na yanayotokea kule juu. Mashindano ya dunia ya rali yalipoleta magari ya Rally1, daraja lake la juu, mwaka 2022, yalifanya mambo mawili yanayopingana. Yaliondoa difu ya kati ya kielektroniki na vibonyezo vya gia kwenye usukani, yakarudisha wenzo wa mkono na gia tano. Hapohapo yakaongeza mota ya umeme ya kilowati 100 na betri yake, kutoka kwa mtengenezaji mmoja, ikiwa imefungwa kwa lakiri. Fundi wa timu, hata awe bingwa namna gani, hakuruhusiwa kulifungua boksi lile. Lilipopata hitilafu alisubiri taa ya kijani. Kabla ya msimu wa 2025 likaondolewa, uzito wa chini ukashuka kutoka kilo 1,260 hadi 1,180, na restrikta ikapunguzwa kutoka milimita 36 hadi 35 ili nguvu isizidi. Watazamaji wa Safari Rally kule Naivasha, Kenya, hawakuonekana kulikumbuka. Nao Formula 1 walipiga marufuku sasapenshi ya kielektroniki na kidhibiti cha kuteleza kuanzia 1994, wakati magari yalikuwa yanaanza kumsaidia dereva kazi aliyolipwa kuifanya.

Lakini wanaotaka turudi enzi za Safari ya zamani nao wanaikumbuka nusu nusu. Bert Shankland wa Tanzania alishinda Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na gari hilo lilikuwa na pampu ya sindano za petroli wakati wengi barabarani walikuwa na kabureta. Kwa wakati wake lilikuwa gari la kisasa. Tofauti ni kwamba pampu ile ilikuwa chuma mtupu: ukiwa na subira na taa ungeweza kuona kinachosukuma nini.

Na upande wa bei tuwe wakweli. FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, ilipoanzisha daraja la Rally3, gari la magurudumu manne lililokamilika kwa ajili ya vijana, iliweka dari ya euro 100,000. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni 250, kabla ya meli, ushuru na tairi la akiba. Kuna hoja kwamba ni nafuu kuliko kujenga gari lako mwenyewe kwa makosa kama yetu, na tukipiga hesabu zetu kwa uaminifu, hoja hiyo ina uzito kuliko tunavyopenda. Linakuja na kitabu, namba za spea, na nyaya zilizofungwa na mtu anayejua. Kasoro yake ni kwamba spea hiyo haipo Gerezani, Dar es Salaam, wala Nairobi. Beringi ya Evo tunaipata kwa basi la usiku. Ukivunja mkono wa sasapenshi wa gari kama hilo siku ya Ijumaa, Jumamosi unatazama wenzako.

Tulichobadilisha baada ya Monduli hakikugharimu sana. Ndani ya mlango wa gari la sevisi kuna karatasi iliyowekwa plastiki, yenye maelekezo kwa Kiswahili na rangi za waya zetu. Pedeli haijibu: chomoa soketi ya sensa yoyote ya presha, pima volti 5. Ikisoma karibu na sifuri, acha multimita hapo na uanze kuchomoa sensa nyingine moja moja, ukianza na zile za kutazama tu. Volti ikirudi, uliyoichomoa mwisho ndiyo yenye kosa. Iache imechomolewa, funga waya wake kwa tepu, gari liende. Kontrol boksi imeshapangwa mapema itumie namba ya kudumu pale presha ya petroli isiposomeka. Ikiwa mwenye kosa ni sensa ya oili, dereva aambiwe kwamba hana ulinzi tena na aamue mwenyewe.

Kwenye kasha dogo jekundu kuna sensa ya krankshafti, pedeli nzima, relei mbili, fyuzi, mita nne za waya, koleo la kubania na multimita yenye betri mpya. Kasha hilo haliazimwi, hata kwa rafiki.

Na Jumatano ya wiki ya mbio, mtu mmoja anatega kosa kwenye gari na wengine wanalitafuta huku saa inakimbia. Mara ya kwanza ilichukua dakika 26. Sasa tuko kwenye nne, tano kama kosa liko nyuma ya dashibodi. Anayetega siku hizi ni yule fundi mkuu wa spana, na ana roho mbaya kuliko tulivyotegemea.